Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Mgonjwa wa saratani ya kichwa na shingo aonwe na daktari wa meno kabla ya mionzi

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Wizara ya Afya,
Mji wa Serikali Mtumba,
Dodoma.

YAH: HUDUMA YA KINYWA NA MENO KWA WAGONJWA WANAOTIBIWA SARATANI YA KICHWA NA SHINGO KWA MIONZI

Mheshimiwa Waziri,

Naandika barua hii nikiwa daktari wa kinywa na meno katika mojawapo ya hospitali za rufaa za mikoa ya Kanda ya Kati, na ombi langu nalitaja mapema ili lisipotelee katikati ya maelezo. Naomba Wizara itoe mwongozo kwamba mgonjwa yeyote anayetarajiwa kupigwa mionzi ya kichwa au shingo achunguzwe kinywa, na atibiwe kinachohitaji kutibiwa, kabla hajaondoka mkoani kwake kwenda kwenye mionzi. Na kwamba uchunguzi huo, pamoja na matunzo ya kinywa yatakayofuata baadaye, uhesabiwe kuwa sehemu ya tiba ya saratani, usiachwe uwe huduma ya meno ambayo mgonjwa atajitafutia mwenyewe akipata nafasi na fedha.

Mionzi inayoelekezwa kwenye ulimi, koo, zoloto au nyuma ya pua haina namna ya kukikwepa kinywa kabisa. Mgonjwa anayetibiwa kwa nia ya kupona hupewa kwa kawaida jumla ya grei (kizio cha kupimia mionzi) 66 hadi 70, zinazogawanywa katika siku 33 hadi 35, siku tano kwa wiki, hivyo tiba yote huchukua takriban wiki saba. Mate huanza kupungua tangu wiki ya kwanza. Kuanzia wiki ya pili utando wa ndani ya kinywa huwa mwekundu, halafu huchubuka na kufanya vidonda vyenye ukoko mweupe, na inapofika wiki ya tano au ya sita wapo wagonjwa wengi ambao hata uji uliopoa hawaumezi. Fangasi nao huingia kwa urahisi katika kinywa kilichokauka, na wakitambuliwa mapema dawa zake zinafahamika na zinafanya kazi.

Vidonda hivi, Mheshimiwa, vinagusa tiba yenyewe ya saratani. Mgonjwa asiyekula hukonda, na akikonda sana ile barakoa ya plastiki iliyoumbwa kwa uso wake ili kichwa kisitikisike anapopigwa mionzi haimkai tena vizuri, ikabidi aumbiwe nyingine na mpango wa mionzi upitiwe upya. Mwingine huzidiwa na maumivu akaomba apumzike wiki moja, au akarudi nyumbani kimyakimya. Wataalamu wa mionzi wanajua gharama ya mapumziko hayo: katika saratani za eneo hili, kila siku tiba inaporefuka kupita muda uliopangwa, uwezekano wa kuudhibiti uvimbe hupungua kwa takriban asilimia 1. Jino bovu lililoachwa kinywani, likavimbisha shavu na kuleta usaha katika wiki ya nne, linaweza kuwa sababu ya siku hizo kupotea.

Hata hivyo vidonda vya utando hupona, mara nyingi ndani ya wiki chache baada ya siku ya mwisho ya mionzi. Kinachobaki ni ukavu. Tezi kubwa za mate zilizo mbele ya masikio, zikipokea kwa wastani zaidi ya grei 25 hivi, huenda zisirudi kufanya kazi kama zamani, na mgonjwa ataishi maisha yake yote na chupa ya maji mkononi. Kwa kawaida hatuyafikirii mate mpaka yakauke. Ndiyo yanayosafisha mabaki ya chakula, yanayopunguza makali ya asidi na yanayorudishia meno madini yaliyomomonyoka baada ya kila mlo. Yakiisha, meno ambayo hayakuwahi kutoboka kwa miaka 50 huanza kuoza ndani ya miezi michache, tena mahali ambapo kwa watu wengine hayaozi kwa urahisi: shingoni mwa jino, kuzunguka ufizi, na kwenye ncha za meno ya mbele. Uozo huo huzunguka jino zima mpaka kichwa chake kinakatika usawa wa ufizi kama chaki, mara nyingi bila maumivu ya kumwonya mwenyewe.

Hapo ndipo mazoea ya kawaida yanapozidisha madhara. Mtu mwenye kinywa kikavu hutafuta cha kumletea mate, na vilivyo karibu naye ni pipi, ndimu, maji ya ukwaju na soda. Uji wa lishe wenye sukari nyingi, ambao ndugu wanampikia kwa upendo ili arudishe uzito, anaunywa kidogokidogo kuanzia asubuhi hadi usiku, na sukari inashinda kwenye meno yasiyo na mate ya kuisafisha. Simlaumu mgonjwa wala ndugu zake, kwa sababu mara nyingi hakuna aliyekaa nao akawaeleza.

Baada ya meno kuna taya. Mfupa wa taya, hasa la chini, ukipokea kipimo kikubwa cha mionzi, hususan kinachozidi grei 60, hupoteza sehemu ya mishipa yake midogo ya damu na chembe zake hai, na uwezo wake wa kupona jeraha hupungua daima. Jeraha la kawaida zaidi katika taya ni la kung'oa jino. Tundu ambalo kwa mtu mwingine lingejaa ndani ya wiki chache, kwa huyu linaweza kubaki wazi, mfupa ukaonekana, ukafa, ukatoa usaha na harufu, na hatimaye taya likavunjika lenyewe. Hatari hii haina tarehe ya kwisha. Mtu aliyetibiwa miaka 10 iliyopita na akapona saratani yake kabisa bado anayo.

Naomba nieleze mgonjwa mmoja, bila kumtambulisha. Alikuwa mkulima wa alizeti, amemaliza mionzi ya saratani ya ulimi miaka mitatu kabla, na majibu yake yote ya ufuatiliaji yalikuwa mazuri. Alikuwa na furaha, na alistahili kuwa nayo. Kisha meno ya nyuma ya chini yakaanza kumkatika moja baada ya jingine, akaenda kituo cha karibu na kwao, akang'olewa mawili kwa siku moja. Aliyemng'oa hakuuliza kama aliwahi kupigwa mionzi, na mgonjwa naye hakujua kwamba lilikuwa jambo la kusema. Kwake ile ilikuwa habari ya ulimi, na hii ilikuwa habari ya jino. Alipoletwa kwangu miezi minne baadaye, kipande cha mfupa chenye rangi ya manjano iliyofifia, kipana kama ukucha wa kidole gumba, kilikuwa kimejitokeza juu ya ufizi, na chini ya kidevu palikuwa na tundu linalochuruzika. Kinywa kilifunguka kwa upana wa vidole viwili tu badala ya vitatu. Aliishia kukatwa sehemu ya taya kwa upasuaji mkubwa, mbali na nyumbani kwake, na sasa anakula vyakula vilivyosagwa. Meno yale mawili, nilivyoyaona katika picha ya eksirei iliyopigwa kabla ya mionzi kwa sababu nyingine kabisa, yalikuwa tayari na uozo mkubwa tangu wakati huo. Yangeng'olewa wakati ule, kwa kazi ya nusu saa, mfupa ukiwa bado mzima.

Ninapozungumza na wenzangu wanaotibu saratani, jibu ninalopata mara nyingi ni kwamba hakuna muda: uvimbe unakua, foleni ya mashine ni ndefu, na mgonjwa hawezi kucheleweshwa kwa ajili ya meno. Naliheshimu jibu hilo kwa sababu limetoka kwa watu wanaopigania maisha. Lakini hesabu ya siku inaonyesha kwamba muda upo, ila unapita bila kutumika. Kidonda cha kung'oa jino kinahitaji angalau wiki mbili, na ni vizuri zaidi kikipata wiki tatu, kabla ya siku ya kwanza ya mionzi. Mgonjwa wa mkoani huchukuliwa mkoani kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa, akasubiri majibu ya maabara. Majibu yakija, anaandikiwa rufaa, anatafuta nauli na mtu wa kumsindikiza, anafika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road jijini Dar es Salaam au Hospitali ya Bugando kule Mwanza, anafunguliwa jalada, anapigwa picha za kupangia tiba, anaumbiwa barakoa, na wataalamu wanapanga mionzi ipite wapi na isiguse wapi. Katika wiki zote hizo, hasa zile za mwanzo anaposubiri majibu akiwa bado kwao, kinywa chake kinaweza kushughulikiwa kikamilifu bila kuiongezea safari yake hata siku moja. Hospitali ya rufaa ya mkoa inayomchukua kipimo hicho ina idara ya kinywa na meno katika uzio uleule. Anachokosa ni mtu wa kumwelekeza avuke kwenda jengo la pili.

Tatizo hujitokeza pale meno yanapokumbukwa mwishoni, mgonjwa akiwa ameshapangiwa siku ya kuanza. Hapo mtaalamu wa mionzi analazimika kuchagua kati ya mawili yasiyopendeza: aahirishe tiba ya saratani ili vidonda vya kung'oa vipone, au aanze hivyo hivyo na kuliacha jino bovu ndani ya eneo la mionzi. Haifai kumweka daktari yeyote mahali hapo wakati njia ya kuepuka ilikuwapo mwezi mzima kabla.

Kwa hiyo napendekeza fomu ya rufaa ya mgonjwa wa saratani ya kichwa na shingo iwe na sehemu ya kinywa, ijazwe na kusainiwa na daktari au tabibu wa meno, na rufaa isihesabiwe kuwa imekamilika mpaka sehemu hiyo ijazwe, isipokuwa kwa mgonjwa wa dharura ambaye njia yake ya hewa iko hatarini. Kazi inayohitajika tunaiweza mikoani. Meno yote yachunguzwe na picha za eksirei zipigwe; meno yasiyo na matumaini yang'olewe, hasa ya nyuma ya taya la chini yaliyo katika njia ya mionzi, na kingo kali za mfupa zilainishwe ili ufizi ufunge vizuri; yanayozibika yazibwe; ugaga, yaani uchafu uliogandamana kwenye meno, uondolewe; meno ya bandia yanayokwaruza yarekebishwe au yawekwe kando. Ipimwe pia mgonjwa anafungua kinywa kwa milimita ngapi kabla ya tiba, kwa sababu misuli ya kutafunia ikikakamaa baadaye kipimo hicho ndicho kitakachotuambia amepoteza kiasi gani. Naomba nisisitize kwamba sipendekezi kung'oa meno yote. Jino zima lililo katika ufizi mzima kwa mtu atakayelitunza libaki. Kumwondolea mtu meno yote kwa hofu ni kumpa ulemavu mwingine.

Wakati wa mionzi yenyewe mambo yanayohitajika ni ya bei ndogo na yanategemea zaidi mtu wa kuyafuatilia. Mgonjwa apige mswaki laini mara mbili kwa siku au zaidi, asukutue kila baada ya saa chache kwa maji safi yaliyotiwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi na kijiko kimoja cha soda ya kuokea katika lita moja, na aache dawa za kusukutua zenye kileo, ambazo humchoma na kumkausha zaidi. Soda ninayoisema ni ile ya kuokea mikate na keki, yaani sodiamu baikaboneti. Lazima aonyeshwe pakiti yenyewe, kwa kuwa nimeona mtu akitumia magadi ya kuivishia maharage na mwingine hamira. Dawa ya kusukutua ya klorheksidini haijathibitika kuzuia vidonda vya mionzi, hivyo isiuzwe kwa mgonjwa kama kinga. Na maumivu yakizidi, apewe dawa zinazolingana nayo, ikiwamo mofini ya kunywa, bila kusubiri mpaka ashindwe kumeza. Mazoezi ya kufungua kinywa yaanze mapema, hata kwa vile vijiti bapa vya mbao tunavyokandamizia ulimi, vikipangwa kimoja juu ya kingine na kuongezwa kimoja kila anapoweza. Muuguzi mmoja aliyefundishwa, anayekagua kinywa cha kila mgonjwa wa kichwa na shingo angalau mara moja kwa wiki kwa tochi na kijiti, angetosha kuzuia mengi kati ya niliyoyataja.

Baada ya mionzi, dawa kuu ni floraidi, madini yanayoimarisha meno dhidi ya kuoza, kila siku, maisha yote. Dawa ya meno ya kawaida huwa na floraidi sehemu 1,000 hadi 1,500 kwa milioni, na mgonjwa huyu anahitaji zaidi, kama vile dawa ya meno yenye sehemu 5,000 kwa milioni au jeli inayowekwa katika trei laini iliyoumbwa kwa meno yake, akaivaa dakika chache kabla ya kulala. Trei hiyo tunaweza kuiumba hapa hapa mkoani. Jeli yenyewe ndiyo mgonjwa hutafuta kwa taabu katika maduka ya dawa ya mijini, na akiipata hununua kwa fedha yake. Shirika la Afya Duniani liliingiza maandalizi ya floraidi katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021, na ningeomba orodha yetu ya taifa na Bohari ya Dawa ziangalie pia zile zenye nguvu zaidi kwa kundi hili dogo la wagonjwa.

Hapa niongeze jambo moja linalohusu nchi yetu hasa. Wagonjwa wanaotoka Arusha, Kilimanjaro na hata baadhi ya maeneo ya Singida huogopa floraidi, na wana sababu, maana wamekulia kwenye maji yenye floraidi nyingi na wameona meno ya kahawia vinywani mwa ndugu zao na mwao wenyewe. Wanatakiwa kuelezwa kwa utulivu kwamba rangi ile hutokana na floraidi inayomezwa utotoni wakati meno yanajengeka ndani ya taya, na kwamba jeli inayopakwa juu ya meno ya mtu mzima na kutemwa haiwezi kuyafanya hivyo. Pia meno yao, hata yakiwa na rangi hiyo, hayana kinga ya kutosha dhidi ya uozo wa baada ya mionzi. Maelezo haya yakikosekana, jeli itapelekwa nyumbani na kuwekwa kabatini.

Mheshimiwa Waziri, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeipa nchi nafasi ya kupanga upya nini kinahesabiwa kuwa tiba ya ugonjwa gani. Naomba kitita cha mafao kitamke wazi kwamba kwa mgonjwa wa saratani ya kichwa na shingo, uchunguzi wa meno kabla ya mionzi, kung'oa na kuziba, trei, floraidi na marudio ya kila baada ya miezi mitatu hadi sita ni sehemu ya fao la saratani. Nasema litamkwe, kwa sababu lisipotamkwa mhudumu wa dirishani atalisoma kama huduma ya meno na atalikata, na hatakuwa na kosa. Wagonjwa wa kundi hili ni wachache wakilinganishwa na wanaotafuta huduma za kawaida za meno, na gharama ya kumhudumia mmoja wao mapema haikaribii gharama ya kumjengea taya upya.

Ombi langu la mwisho ni kadi. Kila anayemaliza mionzi ya kichwa na shingo apewe kadi ndogo ngumu ya kutunza pamoja na kitambulisho chake, inayoonyesha eneo lililopigwa, jumla ya grei, tarehe ya kumaliza, na sentensi moja kwa Kiswahili: usimng'oe jino mtu huyu kabla ya kuwasiliana na hospitali ya rufaa. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya, ambako ndiko meno mengi yanang'olewa nchini, viko chini ya Ofisi ya Rais TAMISEMI, kwa hiyo mwongozo huu usipotolewa kwa pamoja na ofisi hiyo hautamfikia yule mtoa huduma aliyeshika koleo. Sambamba na kadi, swali la "umewahi kupigwa mionzi?" liingie katika maswali ambayo kila mtoa huduma za meno anamuuliza mgonjwa kabla ya kung'oa, pamoja na yale ya presha, kisukari na dawa anazotumia.

Naelewa kwamba madaktari wa meno hatutoshi na kwamba viti vingine vya meno vimeharibika na vinasubiri vipuri. Bado sioni kwamba upungufu huo unazuia jambo hili, kwa kuwa mgonjwa mmoja wa saratani ya koo anayepewa kipaumbele asubuhi moja hawezi kuvuruga kliniki ya hospitali ya mkoa. Sisi wa kada ya meno tutampokea. Tunachohitaji ni aletwe, na aletwe mapema.

Nimeandika rasimu ya ukurasa mmoja wa sehemu ya kinywa ya fomu ya rufaa, pamoja na mfano wa kadi, na nitaviwasilisha kwa Mganga Mkuu wa Serikali kupitia kwa mganga mfawidhi wa hospitali yetu. Naomba Wizara ivipitie pamoja na wataalamu wa mionzi wa Ocean Road na Bugando na walimu wa Shule ya Meno ya Muhimbili, ivirekebishe itakavyoona inafaa, na ituelekeze tarehe ya kuanza kuvitumia.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Daktari wa Kinywa na Meno,
Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kanda ya Kati